"Baba Yangu Alitoka kwa Mdachi": Tunamtafuta Wapi?

Kwetu kuna mabinamu wawili wanaoamini kabisa kwamba tuna damu ya Kijerumani. Wakikosa cha kupost, wanaweka picha ya nyanya na kibendera cha Ujerumani kando. Yote inatokana na sentensi moja ambayo nyanya ameirudia tangu tukiwa watoto hapa Majengo, nyuma tu ya Gikomba: "Baba yangu alitoka kwa Mdachi."

Mdachi ni Mjerumani, kwa Kiswahili cha wazee. Lakini hebu sikiza hiyo sentensi vizuri. Nyanya hakusema baba yake alikuwa Mdachi. Alisema alitoka kwa Mdachi. Kwa watu wa rika lake hapo palikuwa mahali, venye mimi na wewe tunasema "ametoka Tanzania". Ilikuwa ni nchi yote ambayo Wajerumani waliitawala kuanzia 1885 mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia: Tanzania bara, Rwanda na Burundi.

Kwa hivyo poleni sana, mabinamu. Hatuna babu wa Berlin. Tuna babu ambaye Berlin ilimfanya mtu wake bila kumuuliza.

Na hii stori si yetu peke yetu. Toka Gikomba upande Majengo, pitia Shauri Moyo, uishie Kariokor, utapata familia kibao ambazo mzee wao alitoka Tabora, Ujiji, Tanga ama Moshi. Utapata Wamanyema, ambao asili yao ni mashariki ya Kongo, lakini waliingia kwa Mdachi na misafara ya biashara kabla ya kufika Nairobi. Wengi wetu tunajua hiyo sentensi moja tu, na baada ya hapo ni giza.

Sasa linganisha na hizi video ambazo simu inanirushia kila wiki. Mmarekani amekaa jikoni kwake, anaandika jina la babu yake kwenye kompyuta, na kabla chai haijapoa ameshampata. Babu alitoka kijiji fulani cha Ujerumani, akapanda meli Hamburg, alikuwa na miaka 23, kazi yake seremala. Si uchawi. Bandari ya Hamburg iliandika orodha za abiria kuanzia 1850 hadi 1934, na orodha hizo zipo mpaka leo. Juu yake kuna vitabu vya kanisa vya ubatizo, ndoa na mazishi, kijiji kwa kijiji, karne kadhaa nyuma.

Nimefikiria sana kwa nini babu wa huyo Mmarekani anapatikana na wangu hapatikani. Jibu si eti sisi hatukuwa na historia ama wazee wetu hawakujali. Jibu ni kwamba karatasi huandikwa na mtu anayehesabu kitu. Kanisa lilikuwa linahesabu waumini. Bandari ilikuwa inahesabu abiria waliolipa nauli. Kwa hivyo ukianza kumtafuta mtu wako, usianze na "jina lake liko wapi?" Anza na hili: nani alikuwa anamhesabu, na alikuwa anataka nini kwake?

Waliohesabu mizigo

Nyanya anasema baba yake alikuja Nairobi "na vita, kwa reli ya Voi". Maneno sita hayo, na kila moja linaweza kukaguliwa. Vita vilianza 1914. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe karibu na Moshi wakati wa vita hivyohivyo, ikaungana na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga. Kabla ya hapo hukuweza kupanda treni kutoka kwa Mdachi ukashuka Nairobi. Baada ya hapo, uliweza. Bila karatasi yoyote nimeshajua mzee hakufika hapa kabla ya 1916.

Nyanya anasema pia kwamba alibeba mizigo pande zote mbili, kwanza ya Mjerumani, halafu ya Mwingereza. Hilo nalo lilitokea sana: mpagazi akitekwa, anapewa mzigo wa upande wa pili na safari inaendelea. Upande wa Waingereza walikusanywa wapagazi wapatao milioni moja kutoka pembe zote za eneo hili, na vifo rasmi pekee vinakaribia 100,000. Wengi waliuawa na njaa, malaria na kuhara kuliko risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Kiswahili kikakitafuna hilo jina na kulitema likiwa Kariokor, na Dar es Salaam wakalitema likiwa Kariakoo. Yaani ile stage unayoshuka kila siku ni jina la jeshi la watu waliobebeshwa mizigo.

Na kuna neno lingine tunalo mdomoni kila asubuhi bila kuliangalia: mtumba. Kabla ya kuwa bale ya nguo kutoka Ulaya, mtumba ulikuwa furushi, hasa la vitambaa, ambalo mpagazi wa misafara alibeba kichwani ama begani. Watu wa Gikomba wanauza mitumba. Wazee wao waliibeba.

Sasa, jeshi liliandika nini kuhusu mpagazi? Lilikuwa linahesabu mizigo na midomo ya kulishwa. Mtu akawa namba na jina lililoandikwa na karani aliyesikia vibaya. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwahi kufika kwa jamaa zao. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu za wanaume watatu, zimesimama tangu 1928 kwa ajili ya wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika. Zina maneno ya kuwasifu. Majina, hakuna. Mwanajeshi Mzungu aliyekufa vita hivyohivyo ana jiwe lake na jina lake limechongwa.

Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita, CWGC, ilitoa ripoti na kukiri wazi: watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina ama hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba msamaha. Miaka 100 na kitu baadaye. Ukitafuta mzee wako kwa tovuti yao na usimpate, usidhani nyanya yako alidanganya.

Waliohesabu madeni na vichwa

Upande wa Mjerumani mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu yule alipenda sana faili. Mafaili mengi ya utawala wake yalibaki Dar es Salaam, na yako kwenye Nyaraka za Taifa za Tanzania mpaka leo. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia mwaka 1997. Mengine yako Berlin, na sehemu kubwa ya mafaili ya wizara yao ya makoloni inasomeka bure kwenye intaneti. Shida ni kwamba yameandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata vijana wa Ujerumani wenyewe hawausomi.

Lakini rudi kwa lile swali. Mjerumani alikuwa anahesabu nini? Askari wake, kodi yake, na wale waliomsumbua.

Angalia Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam 1904, mtoto wa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingizwa jeshini akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin na kwenda kudai mshahara ambao serikali ilikuwa haijamlipa yeye na baba yake. Wakamkatalia. Akabaki hukohuko, akawa mhudumu wa hoteli, akafundisha Kiswahili, akaigiza filamu, akaoa Mjerumani. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mzungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Leo kuna jiwe dogo lenye jina lake kwenye lami ya Berlin. Tunajua maisha yake kwa undani kwa sababu alidai pesa, halafu kwa sababu walimfunga. Angekaa kimya Dar, angekuwa kama babu yangu.

Kuna kisa kingine ambacho waandishi wengi hukisimulia. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua hatimaye kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai. Mamia ya wazee wakajitokeza Mwanza. Wachache tu walikuwa na cheti. Wengine walishika kipande cha sare iliyochakaa. Wengine hawakuwa na kitu. Basi aliyekuja kulipa akampa kila mmoja ufagio, akaanza kutoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wazee wakatii zote, miaka karibu 50 baadaye. Mimi nikikisikia hicho kisa huwa sicheki. Mwili wa mzee ndio uligeuka cheti.

Na kuna hesabu mbaya kuliko zote. Wajerumani walihesabu vichwa, na hapa simaanishi idadi ya watu. Walichukua mafuvu kutoka Afrika Mashariki wakayapeleka Berlin kuyapima, wakitaka kuthibitisha upuzi wao kuhusu rangi za watu. Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135: 904 yalitoka eneo ambalo leo ni Rwanda, 202 Tanzania, na 22 Kenya. Ndiyo, Kenya. Baadhi yalipimwa DNA, na fuvu moja lenye jina Akida likalingana na mtu aliye hai Tanzania leo. Akida alikuwa mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1900. Mjukuu wa Meli, Mzee Isaria Anael Meli, ametafuta kichwa cha babu yake kwa miongo kadhaa, na akatoa DNA yake pia. Cha babu yake hakikupatikana.

Kwa hivyo mtu akikuambia kutafuta ukoo ni hobi ya Wazungu wastaafu, mtajie huyo mzee.

Waliohesabu vibarua

Babu alipofika Nairobi alikutana na mhesabu mwingine. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa kwa nguvu vita vilipoisha. Kila mwanaume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alibeba karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, ndani ya kijisanduku cha chuma alichovaa shingoni kama ng'ombe na kengele. Hasira ya kipande ni mojawapo ya vitu vilivyomwinua Harry Thuku, na Machi 1922 watu wakapigwa risasi hapa mjini wakidai aachiliwe.

Nyanya ana kile kijisanduku cha baba yake. Kimeshika kutu pembeni. Ndani hakuna karatasi. Tumebaki na kopo lililomfunga, na yale maneno yaliyomhusu hayapo.

Hata kama ingekuwepo, jina lenyewe ni mtihani. Watu wengi wa Pangani ya zamani na Pumwani walichukua majina ya Kiislamu walipoingia mjini. Ukienda kutafuta "Juma bin Abdallah" utapata Juma bin Abdallah wa kujaza matatu kumi, na jina aliloitwa na mama yake huko Tabora halimo popote.

Ila kuna rekodi ambayo karani hakuweza kuipoteza. Nyanya anasema baba yake aliita pesa "hela" mpaka siku anakufa. Watu wa Nairobi wakimcheka. Hela ni Heller, sarafu ndogo ya Mjerumani, mia moja kwa rupia, kuanzia 1904. Huyo mtu alilipwa na Mdachi. Alibeba ushahidi kwa ulimi. Na kabla hujamcheka pia, jiulize neno "shule" umelitoa wapi. Ni Schule, ya haohao.

Ambao hawakuhesabiwa

Mpaka hapa umeona wanaume tu, sivyo? Kipande hakikuwa cha wanawake. Jeshi halikuwaandika. Uandikishaji wa lazima wa vizazi ulianza na Wazungu, ukafuata Wahindi, na kwa Waafrika ukaenea wilaya moja baada ya nyingine mpaka ukafika nchi nzima 1971. Mama yake nyanya alizaliwa, akaishi na kufa nje ya karatasi.

Karibu nje kabisa. Kuna mahali mbili wanawake wa Pumwani wanaonekana. Moja ni cheti cha ndoa cha Kadhi, chenye jina la mke na la walii wake. Hicho tunacho. Pili ni nyumba. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi ya Waafrika, na wengi waliojenga na kumiliki nyumba za udongo hapo walikuwa wanawake. Manispaa ilitaka kodi yake ya kiwanja, kwa hivyo iliwaandika. Mwanahistoria Luise White alikuja akakaa na wazee hao, akawauliza, na mwaka 1990 akatoa kitabu, The Comforts of Home, kuhusu wanawake waliofanya umalaya Nairobi ya ukoloni na kutumia hiyo pesa kujenga. Najua kuna familia hazitaki hii stori isemwe. Maoni yangu ni kwamba mwanamke aliyejenga nyumba katika mji uliokataa hata kumwandika jina si aibu ya ukoo. Bila yeye wengi wetu hatungekuwa na pa kuzaliwa.

Nyanya mwenyewe, kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, kama wazee wote ambao karani alikadiria tu. Lakini yeye anasema alizaliwa "Pangani ikibomolewa, tukihamishiwa Shauri Moyo". Pangani ilibomolewa 1938 hadi 1939. Nani anajua zaidi, nyanya ama karani?

Dirisha la kitambulisho

Mtu atauliza, sasa haya yote ya nini? Unga ni bei gani?

Nikuambie. Mdogo wangu alipofika miaka 18 alienda kutafuta kitambulisho kwa ofisi moja hapa mjini. Vijana waliokuwa mbele yake kwa foleni walimaliza dakika chache. Yeye, kwa sababu ya jina lake na mtaa wake, aliulizwa babu alizaliwa wapi, na baba ya babu, na ako na karatasi gani. Alirudi mara nne. Ndiyo ujue: serikali ambayo haikumwandika mzee ndiyo leo inakudai ushahidi kwamba alikuwepo.

Na mdogo wangu ana bahati. Wamakonde walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya Pwani waliishi Kenya vizazi kadhaa bila uraia, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kuja Nairobi kumwona Rais. Mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba walisubiri mpaka 2023. Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kufuta ule uchujaji maalum wa watu wa kaskazini mashariki. Hatua nzuri. Lakini tangazo la leo linaweza kubadilishwa kesho. Historia ya familia iliyoandikwa na kutunzwa ni ngumu zaidi kuifuta.

Pia usitegemee kwamba karatasi zetu zote ziko hapa. Waingereza walipoondoka walibeba mafaili. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa mahakamani London, Uingereza ilikiri kuwa na mafaili kama 8,800 ya makoloni yake ya zamani, yamefichwa Hanslope Park, na takriban 1,500 yalikuwa ya Kenya.

Fanya hivi

Anza na aliye hai. Usimuulize mzee "ulizaliwa mwaka gani", muulize kulikuwa kunatendeka nini. Njaa gani, nyumba gani zilibomolewa, reli ilikuwa imefika wapi. Rekodi kwa simu. Muulize pia maneno, watu waliita pesa aje, walimwita Mjerumani aje.

Pili, piga picha kila karatasi iliyo kwa sanduku: cheti cha Kadhi, risiti za kodi ya kiwanja, barua, hata kopo tupu la kipande. Sisi watu wa Gikomba tunajua moto. Ule wa tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15, na wengi walitoka na nguo walizovaa tu. Karatasi ya babu haina nakala nyingine duniani.

Tatu, ingia pale Archives. Wengi wetu tunaijua kama mahali pa kungojana na date. Ndani ya lile jengo, lililokuwa benki zamani, kuna ripoti za kila mwaka za wilaya na mafaili ya utawala wa Nairobi. Usitafute jina kwanza. Tafuta mahali na mwaka, halafu uone nani alikuwa anahesabu.

Baba yake nyanya sijampata kwa karatasi bado. Ninachojua ni kwamba alitoka kwa Mdachi, alilipwa kwa hela, alibeba mzigo wa wafalme wawili ambao hakuwahi kuwaona, alipanda treni ya Voi baada ya 1916, aliishi Pangani, na 1939 alihamishwa akiwa na mtoto mchanga. Hayo nimeyaandika kwa daftari, tarehe na nani alisema, na nyanya ameweka kidole gumba chini ya ukurasa. Safari hii ameamua mwenyewe.

Na kwenu je, mzee alitoka kwa nani? Kaulize leo, kabla ya kuandika koment.